Tuweke alama za njia kama za Verdon

Mhariri naomba kanafasi. Mwaka jana nilienda Ufaransa kikazi, wikendi wenyeji wakanipeleka korongo la Verdon, aisee! Mto umekata mlima wa mawe ya chokaa mpaka kuna sehemu kuta zinafika mita 700, urefu kama kilomita 25 hivi, na maji huko chini yana kijani cha bluu utadhani mtu kamwaga rangi. Jiwe lenyewe jeupe, pale watu wanapokanyaga limeshakuwa laini linateleza balaa, nikashika ukuta kwa mikono miwili mtu mzima mie.

Ila kilichonikosha ni vitu vidogo, njia ya miguu ina mstari mweupe na mwekundu kwenye miti na mawe, penye mteremko mkali kuna ngazi za chuma, penye handaki unaambiwa mapema uje na tochi. Sasa huku kwetu michoro ya kale ya miambani kule Kondoa ni urithi wa dunia tangu 2006, tukiweka alama kama zile kuanzia barabarani pale kijijini Kolo (sio juu ya michoro jamani!) si itasaidia? Rangi na brashi sio gharama hivyo.

Mdau, Dodoma