Tuwape wanafunzi nafasi ya kukisia

Ndugu walimu na walezi wa klabu za sayansi,

Naomba katika vipindi vya wiki hii tuwaache wanafunzi wakisie kabla hatujawapa jibu. Wafunge jiwe zito na jingine jepesi kwenye nyuzi mbili zenye urefu wa mita 1, kila mmoja aandike ni lipi litakalobembea upesi zaidi, kisha wapime wenyewe. Wengi hutarajia tofauti kubwa, ilhali mawe yote mawili huchukua takriban sekunde 2 kwenda na kurudi. Uzi ukifupishwa hadi sentimita 25, muda hushuka hadi sekunde 1 hivi. Hapo tafadhali msiharakishe kueleza, kwani mshangao huo ndio unaozaa swali linalofuata.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari Tanganyika, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kabla ya uliopoa. Aliambiwa amechanganyikiwa, lakini hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne wakachapisha makala kuhusu jambo hilo, ambalo wanasayansi wanaendelea kulijadili.

Maswali yatakayowashinda darasani yaleteni humu kwa maneno yaleyale ya mwanafunzi.