Msimwage maziwa ya kwanza, na glukosi iacheni

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongelee hii tabia ya kupea mtoto wa siku moja maji ya glukosi, juu bado iko sana huku Eastlands na watu wanaifanya na roho safi kabisa. Juzi nilienda kuona jirani amejifungua nikapata shosho anakamua yale maziwa ya manjano, mazito hadi yanavutika kwa kidole, anapanguza na kitambaa ati yamelala kifuani miezi tisa ni uchafu, na hapo kando kikombe cha glukosi na kijiko viko tayari.

Sasa hiyo dang'a anayopanguza ndiyo iko na sukari flani nyingi kuliko maziwa yenye yatakuja baadaye, karibu gramu 20 hadi 25 kwa lita, halafu zinapungua vile siku zinasonga. Zinaitwa oligosakaridi, ziko aina zaidi ya 150, na chenye kilinishangaza nikisoma ni kwamba mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga! Zinapita tu mpaka utumbo mkubwa na huko ndio ziko na wenyewe, bakteria wanaitwa bifidobakteria, wanazikula wanatoa asidi, na kwa asidi wadudu wengi wa kuharisha hawakai vizuri. Ni kama mama amepika sufuria mbili, moja ya mtoto, ingine ya askari wake. Zingine zinafanana na ngozi ya ndani ya utumbo, kwa hivyo mdudu mbaya anashika sukari badala ya kushika mtoto, anatoka na choo, kwisha.

Na maziwa yenyewe yako na bakteria pia, msishtuke, hata ya mama mzima kabisa, na wengine wao wanahamia kwa tumbo ya mtoto.

Glukosi haiwezi hii kazi hata kidogo. Inafyonzwa hapo juu kwa utumbo mdogo, bifido hawaonji kitu, mtoto anashiba anakataa titi, na titi lisiponyonywa maziwa yanachelewa, alafu watu wanaanza si tulisema huyu hana maziwa. Siku ya kwanza vijiko vichache vya chai vinamtosha, tumbo yake ni ndogo sana. Akishindwa kunyonya kamua na mkono umpe na hicho hicho kijiko. (Daktari akisema sukari ya mtoto imeshuka apewe glukosi, hiyo ni matibabu, siongelei hiyo.)

Hata wenye maziwa ya kopo wanajua, siku hizi kuna makopo yameongezwa aina moja ama chache za hizo sukari kutoka kiwandani. Chache, na mama anatoa zaidi ya mia. Na hospitali ya uzazi ya Pumwani hapa Nairobi kuna benki ya maziwa ya mama tangu 2019 kwa watoto wagonjwa na wenye wamezaliwa kabla ya wakati, so hii si maneno ya mtandao.

Ombi langu ni kwa kliniki zetu. Mnafundisha mama mjamzito peke yake kwa benchi, na akifika nyumbani mwenye anashika mtoto ni shosho na mama mkwe, na msichana wa miaka ishirini hawezi kubishana na hao. Waiteni hao pia, hata kliniki moja tu kabla ya kujifungua.

Mama wa Wawili,
Kayole, Nairobi