Pinioni mpya haifungwi kwenye krauni ya zamani

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa kilimo kuhusu wanaofufua matrekta ya zamani iliwaambia wasomaji kwamba pinioni ya difu (gia ndogo inayozungusha gia kubwa, yaani krauni, kwenye ekseli ya nyuma) ikiliwa, hununuliwa pinioni peke yake na krauni hubaki ile ile. Naomba ushauri huo usahihishwe kabla mtu hajaingia dukani.

Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani mpaka meno yazoeane, ndipo zigongwe namba moja. Ukikuta namba hazifanani, hiyo si seti, hata kama muuzaji ameziweka kwenye boksi moja. Pinioni mpya kwenye krauni iliyochakaa italia tangu siku ya kwanza, na jino litakatika trekta likiwa limebeba mzigo. Kwenye Massey Ferguson 35 na 135 hasara haiishii kwenye difu. Oili ni moja, karibu lita 30, ndiyo ya giaboksi, ya difu na ya haidroliki. Vipande vya chuma vikifika kwenye pampu, plau hainyanyuki tena.

Jambo la pili ni uwiano wa meno ya gia hizo mbili. Hesabu meno ya krauni, gawanya kwa ya pinioni. Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, lina 40 kwa 6, yaani 6.67. MF 35 na 135 za kawaida zina 37 kwa 6, yaani 6.17. Ukifunga 37 kwa 6 kwenye TE20, kwa mzunguko ule ule wa injini mwendo huongezeka kwa asilimia 8: lililokuwa likienda kilomita 20 kwa saa litaenda 21.6. Nguvu ya kuvuta nayo hupungua kwa asilimia 7 na ushei. Kwa tela la maji hutaona shida. Kwa plau kwenye udongo mzito utalazimika kushuka gia. Kwa maoni yangu trekta la kulima libaki na uwiano lililozaliwa nao. Anayetaka mwendo kidogo afunge tairi za nyuma kubwa zaidi, za 12.4-28 badala ya 11.2-28, atapata kama asilimia 4 bila kugusa difu. Wala seti haiingii popote: linganisha kwanza splaini (mifereji ya shafti), kipenyo cha beringi na mashimo ya bolti.

Anayebadili na abadili hivi. Mwaga oili yote. Piga kabari za mbao pande zote mbili kati ya injini na ekseli ya mbele, la sivyo trekta likitenganishwa injini italala upande. Simamisha nyuma kwenye stendi, si kwenye jeki. Toa gurudumu la kushoto, kisha ekseli ya kushoto nzima na shafti yake. Difu hutokea upande huo, nayo ni nzito, ifunge mnyororo. Pinioni hutokea mbele, kwa hiyo trekta litenganishwe kati ya giaboksi na difu. Krauni mpya ikikaza kwenye makazi yake, ipashe kwa oili ya moto. Ukitumia moto wa gesi unaharibu ugumu wa meno. Bolti zikazwe kwa kukingamana.

Beringi za pinioni zikazwe kwa kipimo: zungusha uzi kwenye pinioni, vuta kwa mizani ya springi, soma kilo. Namba imo kwenye kitabu cha modeli yako. Usikadirie kwa mkono. Seti mpya haikubali shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) za zamani bila kupimwa.

Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha. Paka rangi ya kupimia kwenye meno kadhaa ya krauni, zungusha, tazama alama. Inatakiwa ikae katikati ya jino. Ikiwa juu, kwenye ncha ya jino, sogeza pinioni kuelekea krauni. Ikiwa chini kwenye shina, irudishe nyuma. Ikielemea mwisho wa ndani wa jino, isogeze krauni mbali na pinioni. Ikielemea wa nje, isogeze karibu. Kila ukisogeza, pima plei (nafasi ndogo kati ya meno) upya kwa geji ya saa, yenye mshale, katika sehemu nne za mzunguko. Plei ikitofautiana sana kati ya sehemu hizo, krauni imekaa upande: fungua, utakuta uchafu au ukwaru chini yake.

Sili na gasketi zote ziwe mpya, na sakafu ya difu ipitishwe sumaku kabla ya kufunga. Siku za kwanza trekta lipewe kazi nyepesi, kisha oili imwagwe ingali moto na kuchujwa kwa kitambaa cheupe. Vumbi la kijivu ni la kawaida. Ukipata kipande kinachoshikika kwa kucha, difu ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Fundi wa matrekta,
Arusha