Mkigawana nyumba, gawaneni na deni

Wanangu wa Amu, kisiwa chetu cha Lamu, waume kwa wake, mliofika mahali pa kuachana,

Assalaam aleikum. Wengi wenu mmekaa kwenye kiti changu cha ukumbini, kila mmoja kwa siku yake, na kila ajaye huanza na nyumba. Ni yangu, babangu alinijengea. Ya juu ni yangu mimi, boriti na mawe nilinunua kwa pesa zangu. Nikiuliza, na deni je? Macho huenda sakafuni. Ndiyo sababu leo nawaandikia nyote pamoja.

Hapa kwetu binti hupewa nyumba na wazee wake, mume akahamia kwa mke. Watoto wakizidi, mume hupandisha ghorofa juu ya nyumba ya mkwewe. Siku ya talaka mke husema, toka na nguo zako. Mume naye husema, nabomoa nilichojenga. Nyote wawili mmekosea. Sheria ya Mali ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 inasema alichokuwa nacho au alichorithi mtu kabla ya ndoa ni chake. Lakini mwenzake akikiendeleza hupata haki ndani yake, kwa kadiri ya alichotia. Nyumba haimtoki binti, wala jasho la mume haliendi bure. Tafuteni fundi akadirie, mlipane. Hizo kuta mnazotaka kuangusha, chini yake wamelala wanenu.

Na aliyeshinda jikoni asidhani hana kitu. Sheria hiyo hiyo huhesabu kazi za nyumbani, ulezi wa watoto na kusimamia biashara ya familia kuwa ni mchango. Ila msidanganyane kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kuwa usawa wa mume na mke ulioandikwa kwenye Katiba haumpi mtu nusu moja kwa moja; kila mmoja aonyeshe alichochangia.

Kuonyesha ndiko kugumu, na hili nalijua kwa machungu. Niliuza vikuku vyangu vya dhahabu, marehemu mume wangu akanunulia mashine ya mashua. Sikuandika, sikuweka shahidi. Nani huandika na mumewe? Hatukuachana, Mungu amrehemu, lakini alipofariki mashua ilihesabiwa yote kuwa urithi wake. Nikapewa thumuni yangu ya mjane, fungu moja katika manane, na vikuku vikapotea humo humo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni, nami nilikuwa nikiisoma tangu madrasani.

Sasa deni lenyewe. Lililokopwa kabla ya ndoa kwa kawaida hubaki kwa aliyelikopa. Lililokopwa ndani ya ndoa kwa manufaa ya ndoa ni lenu nyote, sawa kwa sawa. Kwa hiyo swali kubwa ni pesa zilikwenda wapi. Mkopo wa mashine iliyowalisha miaka mitano si sawa na mikopo ya simu iliyoishia kwenye kamari, mke hana habari. Tafuteni risiti za karo, za saruji, na taarifa za M-Pesa. Tena mkumbuke, mkopeshaji hakuwepo mlipoachana. Aliyetia saini ndiye atakayemfuata, na shoga yako aliyekudhamini kwenye chama cha kukopeshana atasumbuliwa vile vile. Mwendeeni mkopeshaji pamoja mapema, mpange upya malipo.

Waume, mahari iliyosalia nayo ni deni, na ndilo mnalolisahau kuliko yote. Ulipolitaja mbele ya mashahidi ulikuwa na akili zako. Lipa hilo kwanza, ndipo uhesabu boriti.

Mkiwa Waislamu wote wawili na nyote mmeridhia, Kadhi yupo hapa hapa Amu, na sheria ya 2013 yenyewe humruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Asiyeridhia haburutwi. Wa dini mbili njia yao ni mahakama nyingine, na shauri likipelekwa Mahakama Kuu bara, ni boti mpaka Mokowe, kisha basi, kisha wakili, na kila tarehe ikiahirishwa mnarudia safari. Nimeona watu wakila thamani ya kiwanja kwa nauli na ada, kiwanja chenyewe bado kinabishaniwa.

Kabla ya hapo, chagueni hakamu wawili, yaani wasuluhishi, mmoja wa upande wa mume, mmoja wa upande wa mke. Chukueni daftari moja. Upande huu mali, upande huu deni, na kila mstari jina la aliyetia au aliyekopa. Mkishindwa kukubaliana juu ya mstari fulani, utieni alama mwendelee; huo ndio mtakaoupeleka kwa hakimu.

Mimi nipo nyumbani kila siku baada ya Alasiri. Ila safari hii njooni wawili.

Mama yenu,
Mkomani, Lamu