Mama, yale maua nimeyalaza

Mama shikamoo. Naamini huko Lushoto hamjambo wote na mguu wako unaendelea vizuri. Sisi huku Leicester, Uingereza, wazima, ila baridi ndo imeingia, jumatatu alfajiri natoka kwenda kazini nakuta sakitu, ule umande ulioganda, imetanda kwenye nyasi nyeupe kama chumvi, na yale maua yangu, zile dalia, jana yake nyekundu kabisa leo nyeusi, majani yamelegea kama mchicha uliochemshwa.

Safari hii sikulia mama. Unakumbuka mwaka wa kwanza niliziacha humohumo ardhini nikijua zitachipua tu kama zako za nyuma ya jiko, kumbe udongo wa huku ni mfinyanzi, unashika maji kipupwe kizima na mizizi yote ikaoza. Mwaka wa pili nikachimbua nikafunga kwenye mfuko wa plastiki, mwezi wa tatu nafungua, uji mtupu na harufu juu!

Sa hivi nafuata ulivyokuwa unatunza mbegu za viazi, pakavu na hewa ipite. Nimekata mashina nikabakisha sentimita kama 15, nikachimba kuanzia mbali taratibu sana, maana jicho la dalia liko shingoni tu sio mwili mzima kama kiazi mviringo, shingo ikivunjika kiazi cha dalia hata kinone vipi hakichipui. Nimezigeuza kichwa chini gereji, shina lina uwazi ndani kama mwanzi na maji yakibaki humo ndo uozo unapoanzia. Zikikauka naziweka kwenye boksi la mchanga mkavu, kila mwezi nakagua, palipooza nakata kwa kisu. Kutoka nje tena ni mwisho wa mwezi wa tano, halafu usiku natembea na tochi kuokota koa maana wanamaliza machipukizi yote.

Nimesoma asili yake ni milima ya Mexico, huko ndo ua la taifa toka 1963, nikaelewa kwa nini kwako hazisumbui, mlima, jua, ubaridi bila barafu.

Mwambie mdogo wangu anipigie picha ya zile za nyuma ya jiko, asogee karibu nione pale katikati. Boksi nimeliandika jina lako.

Mwanao