Biblia ya Kiwelisi haikuwa zawadi ya Malkia

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari mmoja. Safari hii siwezi kunyamaza. Makala yenu ya Jumamosi kuhusu mwaka 1588 ilizieleza meli za Hispania zilizokuja kuivamia Uingereza karibu ukurasa mzima, kisha ikamalizia na sentensi moja kwamba mwaka huohuo Malkia Elizabeth I “aliwazawadia Wawelisi Biblia kwa lugha yao”.

Zawadi gani? Kazi ile ni ya William Morgan, mzaliwa wa Penmachno huko Welisi (Wales), kasisi wa Llanrhaeadr-ym-Mochnant. Ndiye aliyetafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania na kulipitia upya Agano Jipya ambalo William Salesbury na wenzake walilitoa mwaka 1567. Najua mtanijibu kwamba ilikuwapo sheria ya 1563 iliyoagiza Biblia itafsiriwe kwa Kiwelisi. Isomeni basi yote! Iliwaamuru maaskofu wawe wamemaliza ifikapo 1 Machi 1567, ikawawekea faini ya pauni 40 kila mmoja, na fedha za kazi yenyewe haikutoa. Nakala zilinunuliwa na waumini na kasisi wao, nusu kwa nusu. Tena ikaagiza Biblia ya Kiingereza iwekwe kanisani kando ya ile ya Kiwelisi, ili watu walinganishe na wajifunze Kiingereza upesi. Hiyo ndiyo serikali ambayo tangu 1536, enzi za baba yake Malkia, ilikuwa imetunga sheria kwamba mahakama za Welisi ziendeshwe kwa Kiingereza na msema Kiwelisi asishike wadhifa wowote mpaka atumie Kiingereza. Morgan mwenyewe aliandika kwamba ugumu na gharama vingemshinda, akaishia kuchapisha vitabu vitano vya Musa tu, lau Askofu Mkuu John Whitgift asingemshika mkono. Akaliacha kanisa lake, akaenda London, akakaa karibu mwaka mzima nyumbani kwa Gabriel Goodman, Dekano (kasisi mkuu) wa Westminster, akisahihisha kurasa za wapiga chapa waliokuwa wakipanga herufi za lugha wasiyoijua hata kidogo. Mtu huyo hamkumtaja hata kwa jina.

Linaniuma kwa sababu nimeyaona matunda ya kazi yake. Nilikuwa nikihudumia wazee katika nyumba moja ya kulelea huko Gwynedd, Welisi. Alikuwapo bibi mmoja ambaye maradhi ya kusahau yalikuwa yamemnyang’anya Kiingereza chote. Kilichobaki kilikuwa Kiwelisi cha utotoni. Jioni alikuwa akishika ukingo wa blanketi na kuisoma kwa moyo Zaburi ya 23 tangu mwanzo hadi mwisho, bila kukwama. Nilipojifunza kumsalimia kwa lugha yake, akaanza kula. Msimamizi akanikataza, eti namchanganya mgonjwa, tuzungumze Kiingereza tu. Bibi akaacha tena kula, akageukia ukutani. Hilo nalo mngeliandikia: wazee wanaolishwa, kuogeshwa na kulazwa na watu wasioelewa wanapolia kwamba maji ni ya moto. Lipo hata huku kwetu, hospitali zimejaa bibi zetu wanaotikisa kichwa tu mbele ya daktari.

Ninachotaka ni kidogo. Toeni masahihisho Jumamosi ijayo, ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, yakiwa na majina ya Morgan na Salesbury pamoja na ramani inayoonyesha Penmachno na Llanrhaeadr-ym-Mochnant. Na ile picha ya Tower Bridge, daraja la huko London, mliyoiweka juu ya makala iondoeni, maana daraja lile lilizinduliwa 1894 na haliko Welisi.

Msomaji wako,
Tanga