Mafundi, wekeni alama kwenye propela kabla ya kuichomoa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na mafundi wa magari, hasa wa gereji za kando ya barabara ya Uyole hadi Tukuyu. Nina Canter ya kubeba viazi kutoka Isongole kwenda Mbeya mjini, naiendesha mwenyewe, huu ni mwaka wa 13.

Mwezi uliopita ilianza kugonga "ka!" kila nikitia gia na kuachia klachi. Nikaingia uvunguni, nikaitikisa propela, lile bomba refu linalopeleka mzunguko kutoka giaboksi hadi tairi za nyuma: krosi ya nyuma, yaani kiungo cha msalaba kinachoiruhusu kupinda, inacheza, na kwenye vikombe vinavyofunika ncha zake nne kuna vumbi jekundu la kutu. Grisi ilishakauka. Nikaipeleka gereji, ikafungwa krosi mpya kwa saa moja, nikalipa. Nilipofika spidi 60 gari likatetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni sikuona kitu.

Nikaifungua mwenyewe nyumbani. Propela ilikuwa imechomolewa kwenye meno yake, pale vipande vyake viwili vinapoingiliana, ikarudishwa bila kufuata ilivyokaa mwanzo. Masikio ya mbele na ya nyuma, yaani zile panda za propela zinazoshika krosi, lazima yalale mstari mmoja. Krosi ikifanya kazi imepinda haizungushi kwa mwendo ulio sawa; katika kila mzunguko inakimbia mara mbili na kuzubaa mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayosawazisha, na haiwezi kama masikio hayafuatani. Mkwaruzo mmoja wa tindo, au tone la rangi, ungeniepusha na hayo yote.

Nilipotoa vikombe nikakuta jingine. Ndani ya kila kikombe kuna sindano nyembamba zimepangwa kuzunguka ukuta, zimeshikwa na grisi. Moja ilikuwa imeanguka, imelala kitakoni, imepondwa bapa. Ndiyo maana kikombe kiligoma kuzama na klipu haikukaa vizuri kwenye mfereji wake. Badala ya kukitoa wakatazama, walikigonga nyundo. Mimi nilifunga krosi nyingine, nikaibana kwa vaisi polepole, nikajaza grisi mpaka ikatokeza kwenye sili zote nne.

Klipu isiyokaa ikiruka, kikombe kinatoka na propela inaanguka. Hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu hendibreki ya Canter kama yangu haikamati tairi, inakamata propela, nyuma ya giaboksi. Propela ikichomoka, gia haishiki, hendibreki haishiki, umebaki na breki ya mguu peke yake. Wenzangu wanaoshuka Kitonga au Mlima Nyoka na mzigo wanaelewa ninachosema. Na fundi anayefungua propela gari likiwa kwenye mteremko naye yumo hatarini: bolti ya mwisho ikitoka, gari linaondoka, yeye yuko chini yake. Siku ile pale gereji hawakuweka hata jiwe kwenye tairi, na kiwanja chao kinateremkia barabarani.

Kijana aliyenifungia ana mikono mizuri, nilimtazama akifanya kazi. Hajapita VETA, amejifunza kwa kuchungulia wakubwa zake. Kwa ajili ya vijana kama yeye naomba gazeti lako lichapishe mchoro wa propela, ukubwa wa nusu ukurasa, unaoonyesha masikio yanavyotakiwa kulala na mahali pa kuweka alama. Nitaukata niupeleke mwenyewe pale gereji, ubandikwe ukutani.

Mpakia viazi,
Isongole, Rungwe